Maganda ya Mise Niliyatia Mimi

Rusimbi, Alhamisi, baada ya Alasiri

Zaituni mwanangu,

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la vipimo, kwa hiyo ukigeuza nyuma utakuta vifua na viuno vya watu. Usiwasome, hawakuhusu. Sikutaka kwenda dukani kununua nyingine, maana nikivuka tu mlango huu najua nitapata sababu ya kutoandika. Wewe na Saumu mko Mwanga mnasukwa. Umesema mtarudi kabla ya Magharibi. Muda wangu ni huo tu.

Sitakuandikia habari za kufua, kula kwa wakati na kuchagua marafiki. Hayo unayajua kunizidi, na humu ndani mara nyingi wewe ndiye uliyekuwa unanikumbusha mimi. Mimi niliishia la saba, nikakuzaa nina miaka kumi na saba, na mambo mengi tumejifunza pamoja kama watoto wawili, mmoja kambeba mwenzake mgongoni. Nina jambo moja. Limenikaa kifuani miaka minne.

Siku ile ya moshi, jiko lilikuwa limesafishwa. Wewe ulilisafisha. Kilichoziba matundu ni maganda ya mise, na maganda ya mise niliyatia mimi. Nilijua, nikakuacha ubebe lawama.

Nimeliandika mapema nisije nikachokea njiani. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na kwa nini nakuambia leo.

Juzi Jumanne nilikuwa kibarazani nakata kitambaa cha yule mwalimu wa shule ya msingi, nanyi mko jikoni. Ulikuwa unamfundisha Saumu kusafisha jiko, ili ukishaondoka kazi isilale. Nikatega sikio kwa sababu niliipenda sauti yako, ilikuwa sauti ya mwalimu tayari kabla hata chuo hakijakuona. Ukamwambia avute trei ya majivu taratibu, asiigonge, vumbi lisiruke. Majivu yaende kwenye debe lenye mfuniko, yalale humo mpaka kesho yake, kwa sababu juu yanaweza kuwa yamepoa na chini bado kuna kaa linapumua. Ukamtolea kikombe cha moto cha ndani ya jiko ukamhesabia matundu yake, ishirini na manne, na kila moja alipitishe spoki ya baiskeli mpaka aone mwanga upande wa pili. Feni ichomolewe kwenye betri kwanza, ndipo ipanguswe, tena kwa brashi kavu. Saumu akauliza mbona vidonge vinaitwa vidonge na havitibu mtu. Ukacheka, ukamwambia hayo ni maranda ya mbao yameshindiliwa, hayatibu ila yakichomwa vibaya yanakupeleka kwa daktari.

Nami nikacheka peke yangu, mkasi mkononi. Halafu ukashusha sauti.

"Mimi nilikosea mara moja tu, Saumu, na aliyeumia ni wewe. Usije ukakosea na wewe."

Na yeye akakujibu, kwa ile sauti yake ya kujiamini, "Mimi sitasahau kama wewe, dada."

Mkasi ulikwenda upande. Kile kitambaa nimekichana mahali pasipotakiwa, na mwalimu wa watu atapata mfuko ambao hakuuagiza. Lakini si hilo. Kilichonikata ni kwamba uongo wangu umefikia kufundishwa. Umetoka kwangu ukaja kwako, sasa unakwenda kwa Saumu, na kila mmoja anaupokea kama ukweli wa nyumba hii.

Unakumbuka jiko lile lilivyoingia. Tulikuwa bado wa mkaa, kikundi chetu cha akina mama kikapata majiko ya vidonge, na fundi aliyetufungia ya kwetu alikaa hapa karibu siku nzima. Ulikuwa na miaka kumi na tatu na kila alichosema ulikiandika nyuma ya daftari la hesabu. Akasema humu vinaingia vidonge tu. Kuni hapana, magunzi hapana. Akatuangalia akasema, nyinyi watu wa Kigoma nimeshawajua, mise hapana, kokwa za mchikichi zina mafuta. Wanawake wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikajisemea huyu mtu wa kuja anataka kunifundisha mise mimi, niliyezaliwa Ilagala kwenye masufuria ya mawese, niliyegonga mise juu ya jiwe tangu sina meno ya mbele. Bibi yako alitupikia kwa maganda yake kwenye mafiga matatu, moto mkali, hakuna aliyekufa. Niliona najua moto kuliko yeye. Sikuona kwamba mafiga hayana matundu ya kuziba, wala bomba la kuota masizi, na moshi wake unatoka zake uani unakotaka.

Masika ile lori la vidonge likakwama njiani, na pale Mwanga duka likawa halina hata kilo. Ndani tulikuwa na kama nusu mfuko. Na Bibi alikuwa ameniletea gunia la maganda kwa ajili ya pasi yangu ya mkaa, ya kunyooshea nguo za wateja. Siku ya kwanza nikatia gao moja la kiganja chini ya vidonge. Moto ukawaka vizuri kuliko siku zote. Nikajiona mjanja. Siku ya pili magao mawili. Yakawa mazoea, karibu wiki nzima, na nilikuwa natia ukiwa shuleni. Hapo ndipo uniangalie vizuri, mwanangu. Kama ningeona ni jambo jema ningelifanya mbele yako. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na daftari.

Siku ya nne au ya tano ulinijia kwenye cherehani, mikono myeusi, ukaniambia kuna kitu kimeganda kwenye matundu kama lami, spoki haipiti. Nilikuwa nakimbizana na gauni la bibi harusi. Sikuinua hata uso. Nilikuambia uongeze nguvu, uache uvivu. Ukarudi jikoni na nikakusikia ukikwangua. Kwaru, kwaru, muda mrefu. Wakati unakwangua mimi nilijua ni nini hicho kilichoganda. Nilijua. Ningeweza kusimama nikakuambia, acha, mama yako ndiye kaharibu, leo tupikie nje. Ilikuwa hatua sita kutoka kwenye cherehani hadi jikoni.

Jumamosi yake ndiyo ile. Niliacha maharage jikoni, mvua inanyesha, madirisha nimeyafunga mwenyewe, Saumu kalala mkekani. Nikakuambia mvua ikipungua ukachote maji, mimi napeleka gauni, narudi sasa hivi. Sikurudi sasa hivi. Kwa wenye harusi walitaka pindo lishushwe kidogo, nikalishusha. Walipomaliza kulijaribu wakaniletea chai na kiti chenye mto. Nikakaa. Naandika hili pia kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Kazi ilikuwa imekwisha na nilikaa tu, kwa kuwa ni muda mrefu sikuwa nimekaa mahali ambapo hakuna anayeniita.

Nilipofika kwetu watu wamejaa mlangoni. Moshi ulikuwa unatoka madirishani, vioo vimeshavunjwa. Wewe umekaa kwenye tope, Saumu mapajani, umemfunika pua na mdomo kwa khanga mbichi, macho yako mekundu kama pilipili. Ndoo zako zilikuwa zimepinduka pale njiani. Majirani walisema uliona moshi kutoka kwenye kona, ukatupa maji, ukaingia ukiwa unatambaa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Saumu alikuwa anahema kwa filimbi.

Mama mwingine angekukumbatia. Mimi nilikupiga kofi mbele za watu nikasema hukusafisha jiko.

"Nilisafisha, mama."

Ulisema mara moja, taratibu. Nikarudia kwa sauti, watu wasikie, kwamba hukusafisha jiko na umetaka kuniulia mtoto. Mara ya pili hukujibu. Niliona kitu kinabadilika usoni mwako. Nimekifikiria sana tangu siku hiyo. Sidhani ilikuwa hasira. Nadhani pale pale ulianza kujiuliza kama kweli ulisafisha.

Zahanati muuguzi akauliza imekuwaje, nikamjibu dada yake alisahau kusafisha jiko. Akakuangalia akatikisa kichwa. Wewe ulikuwa umesimama na viatu vyangu mkononi, kwa sababu nilikimbia peku. Saumu tukarudi naye kesho yake, lakini unajua kifua chake hakijarudi sawa, upepo wa ziwa ukipoa tu anaanza ile filimbi. Kila akianza, wewe ndiye wa kwanza kuamka. Na mimi ninaamka nakuta umeshakaa pembeni yake, narudi kitandani kama mwizi.

Jumatatu fundi akaja kufungua jiko. Ulikuwa shuleni. Akatoa kikombe akakigeuza, akakwangua kidogo kwa bisibisi, akanusa. Akaniuliza nani anachoma mise humu. Nikasema watoto. Akaniangalia, halafu akaangalia gunia la maganda pembeni ya pasi yangu. Akaniambia bomba lote limeota masizi ya mafuta, na kwamba huyo anayesafisha amefanya kazi kweli, maana kingo za matundu zimechubuka kwa spoki. Yaani hata chuma kilikutetea.

Nilijua namna ya kukaa kimya kwa sababu nilifundishwa. Nikiwa na kama miaka tisa Bibi alinichapa kwa kupoteza khanga yake ya kutokea. Mwezi ukapita akaikuta ndani ya sanduku lake mwenyewe. Hakusema neno. Siku hiyo alinipa paja la kuku, ambalo kwetu lilikuwa la wakubwa, na mimi nikalila nikashukuru, nikaona nimesamehewa. Nimesamehewa kosa ambalo sikulifanya. Simlaumu Bibi, hivyo ndivyo na yeye alivyolelewa. Ila mimi nilikuwa na paja la kuku mdomoni na bado nikaja kukufanyia hayo hayo. Unalikumbuka lile gauni la maua ya bluu nililokushonea wiki ile, lenye mshono wa mikono ya puto? Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Ulipolivaa ulinishika mkono ukaniambia asante mama kwa kunisamehe. Nikakujibu haya. Neno moja, haya. Ningekuwa naweza kulirudisha neno moja katika maisha yangu yote, lingekuwa hilo.

Baada ya hapo nilikuona unavyokuwa. Watu wananisifu kwamba nina binti makini. Bibi alikuja akakuambia usimbebe Saumu karibu na jiko, ukaitikia, na mpaka leo ukimpakata unakaa upande wa mlango. Unasafisha jiko asubuhi, unalikagua mchana, na kabla ya kulala unaweka kiganja kwenye bomba. Kila Ijumaa unabana karatasi kwenye mlango wa jiko na kuivuta, kuona kama ile kamba ya kuzuia moshi bado inashika. Fundi alisema mara moja kwa msimu inatosha. Nilikuwa nakuangalia na kujiambia ni utu uzima. Ni uongo mwingine huo. Nilijua ni adhabu, na kwamba unaitumikia mahali pangu.

Halafu ikaja barua ya chuo. Mtoto wa Rusimbi kachaguliwa ualimu Tabora, majirani wamepiga vigelegele, na wewe wiki ya pili unaniambia hutakwenda. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Nani atalitazama jiko, mama?" Nilikugombeza, nikakuambia jiko si mume. Ukacheka ukakubali kwenda. Lakini nimeona jinsi unavyofunga begi na kulifungua. Unaondoka kama mtu aliyeacha kitu motoni.

Ndiyo maana nakuandikia. Hakuna kitu ulichokiacha motoni. Kilichokuwa kinaungua nilikitia mimi kwa mkono wangu huu unaoandika. Huna kosa siku ile. Una jambo moja tu, ulimtoa mdogo wako kwenye moshi, na hilo hakuna aliyewahi kukushukuru. Nakushukuru. Nimechelewa miaka minne, lakini nakushukuru.

Jana nilimpigia Bibi simu Ilagala nikamwambia yote. Akasema, na mimi nilimwambia yule mtoto asimbebe mdogo wake. Akalia, na unajua Bibi halii. Akaniambia nisiishie kwake. "Mwana wanje," aliniita mwanangu kwa Kiha, kama nilipokuwa mdogo, "simu umenipigia mimi, mwenye haki yake yuko humo ndani kwako." Sikumwambia kwamba nimejaribu. Tangu Jumanne nimekuita mara tatu. Mara ya kwanza nikakutuma uzi. Mara ya pili nikakuuliza kama umepata shuka la kutosha. Mara ya tatu ulikuja ukasimama, nikakuangalia shingo, nikakuambia kasuke nywele.

Saumu nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, wewe ukiwapo. Sitaki asikie kwako ukaanza kunitetea, nakujua. Na yule aliyejifunza kwamba dada yake alisahau, ajifunze kwamba mama yake alidanganya. Ni mtoto wa miaka saba, atauliza maswali magumu. Nitayajibu.

Leo asubuhi ulipokwenda kumuaga mwalimu wako mkuu, jiko nimelisafisha mimi. Sikuwa nimelisafisha tangu siku ile fundi alipoliwasha. Mgongo unauma, Zaituni. Nimefika tundu la kumi na moja nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nimemwaga majivu kidogo, utaona alama pale sakafuni, usinicheke. Kuanzia sasa kazi hiyo ni yangu, ya kila asubuhi, na bomba ni langu kila mwisho wa mwezi. Saumu bado mdogo, acha acheze. Ukiwa Tabora ukishtuka kwamba jiko halijatazamwa, ujue liko mikononi mwa aliyeliharibu, na amejifunza. Gunia la maganda limerudi Ilagala. Pasi nimenunua ya umeme, umeiona, ukadhani najitapa.

Sasa hili la mwisho. Kesho treni yako ni ya jioni. Nijuavyo desturi yetu, kabla ya kutoka utakuja utapiga magoti mkekani, uniombe radhi kwa yote uliyonikosea tangu utotoni, na mimi nikuwekee mkono kichwani nikuambie uende na radhi zangu zote. Nimeiwaza picha hiyo wiki nzima. Wewe chini, mimi juu, na katikati kuna lile kofi. Siwezi kuupokea mkono wako hivyo. Hata Mungu angeniona natania.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie ndani ya begi lako, chini ya mashuka, uikute Tabora. Nimeifikiria vizuri nikaona ni kule kukaa kwenye kiti chenye mto tena. Uisome ukiwa mbali, ulie peke yako, na mimi niwe hapa salama nangoja simu. Hapana.

Kesho ni Ijumaa. Najua hutaondoka bila kujaribu mlango wa jiko. Barua nitaibana hapo, pale unapobanaga karatasi yako. Ukiivuta itagoma kidogo, kamba bado ni nzima, nimeikagua. Isome hapo hapo jikoni. Mimi nitakuwa kibarazani na cherehani sitaigusa, ili usidhani nina kazi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunikasirikia, una siku nzima mpaka treni, na una haki ya siku nzima. Ukitaka kutoka kwanza uende mpaka ziwani ukae, nitakungoja.

Ila ukija, usipige magoti. Kaa kwenye kiti changu. Mkeka nitakaa mimi, na radhi nitaanza kuomba mimi.

Nawasikia mko kwenye kona, Saumu anaimba. Naficha kalamu.

Mama yako,
Mwajuma